Malengo ya tiba ya ulishaji kwa mtoto wa mtindio wa ubongo: niombe nini kliniki?

Mama Kulwa, Tanga

Habari za leo wapendwa. Naomba msaada wa wenye uzoefu, na kama humu kuna wataalamu nitashukuru zaidi.

Nina pacha, Kulwa na Doto, wana miaka mitatu na nusu. Doto alichelewa kulia alipozaliwa, akawekewa oksijeni, baadaye tukaambiwa ana mtindio wa ubongo. Shingo haijakaza vizuri na hawezi kukaa bila kushikwa. Lakini anaelewa. Ukitaja uji anageuza macho kuelekea jikoni, na Kulwa akicheka naye anacheka.

Shida yetu kubwa ni kula. Namlisha nimempakata, kichwa kimelala kwenye mkono wangu wa kushoto, nampa uji mwepesi na maziwa. Mlo mmoja huchukua saa nzima, na mwingi unarudi pembeni mwa mdomo. Maji ndiyo balaa: anapaliwa, machozi yanamtoka, halafu kifua kinabaki kinakoroma. Ameshalazwa kwa nimonia zaidi ya mara moja. Kijiko kikigusa meno anakibana, na nikikivuta ndiyo anazidi. Ana kilo 10. Mwenzake ana 15.

Mtaalamu wa kwanza aliniandikia malengo kwenye daftari: "Kuimarisha misuli ya mdomo na ulimi. Kupunguza udenda. Aanze kutafuna ndani ya miezi mitatu." Nikaambiwa nimsugue mashavu na ulimi kwa mswaki laini kila siku na kumpulizisha filimbi. Nafanya. Miezi mitatu ilishapita zamani, na ukiniuliza leo kama lengo la kwanza limefikiwa, sijui hata niangalie wapi. Sasa mtaalamu huyo amehamishwa, na huyu mpya ameniambia nikirudi nije na malengo yangu mimi kama mama. Nimekaa na kalamu, sipati cha kuandika.

Ninachotaka ni kimoja: Doto ale mkekani pamoja na sisi. Kwa sasa namlisha chumbani kwanza, ndipo sisi tunatandika mkeka. Anasikia sahani na vicheko akiwa ndani peke yake. Je, hilo ni lengo la tiba, au nitaonekana sijui nilichofuata hospitali?

Na jingine. Mama mkwe wangu ananisaidia sana na namheshimu. Yeye anasema watoto wake wote walibanwa pua wakamiminiwa uji kwa kiganja, na wamekua. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama wa Moro

Pole mama, na hongera kwa kulea. Binti yangu ana miaka tisa sasa, naye ni mtindio wa ubongo, hivyo ninayosema nimeyaishi.

Lengo la mkekani liandike, tena liwe la kwanza. Kwetu lililobadilisha mambo lilikuwa dogo kuliko hilo: binti akifunga mdomo na kugeuza uso, tumwamini. Kabla ya hapo kufunga mdomo kulihesabiwa ukaidi, na kila mlo ulikuwa vita. Tukakubaliana nyumba nzima kwamba akigeuza uso tunasubiri kidogo, tunamwonyesha kijiko tena, na akigeuza tena basi, mlo umeisha. Wiki za mwanzo niliogopa atakonda. Badala yake akaacha kukakamaa kila akiona bakuli, na kijiko kikaanza kuingia bila kulazimishwa. Baadaye tukaanza kumwonyesha vitu viwili, ndizi mkono huu na parachichi mkono ule, achague kwa macho. Mtoto asiyesema naye ana ladha anazozipenda.

Nikuombe pia umwangalie meno. Kuna kipindi wangu alikataa kila kitu, tukadhani ni koo, kumbe ni jino la nyuma limeoza. Ule mswaki laini unaosugulia mashavu utumie kusafishia meno asubuhi na usiku. Nilielezwa kwamba mtoto anayepaliwa, uchafu wa kinywani ukishuka na mate hadi mapafuni ndio unaoleta nimonia.

Tibakazi, Moshi

Mama Kulwa, pole kwa kazi. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, nimesomea KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, na watoto kama Doto ndio ninaoshinda nao. Ulishaji mara nyingi unatuangukia sisi kwa sababu wataalamu wa usemi na umezaji bado ni wachache. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, na ndiyo ilikuwa ya kwanza ukanda wetu. Nitaandika kwa kirefu, nivumilie.

Kabla ya malengo yote, uzito. Kilo 10 kwa umri huo ni kidogo mno, na mtu asikwambie kwamba watoto wa mtindio ndivyo walivyo. Usisubiri siku ya kliniki. Nenda kituo cha afya kilicho karibu wampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 huo ni utapiamlo mkali na matibabu yake yanaanza hapohapo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri, nao una huduma yake. Mtoto mwenye njaa huchoka upesi anapokula, na akichoka ndiyo anapaliwa zaidi.

Wakati huohuo waeleze habari ya nimonia na kifua kinachokoroma baada ya maji. Mashaka yangu ni kwamba chakula na maji vinaponyoka kuingia njia ya hewa. Kukohoa ni kinga, kunatoa kilichopotea njia. Wapo wasiokohoa kabisa, na hao ndio wa kuogopa: utaona pumzi inakwenda mbio, sauti inakuwa ya majimaji, macho yanalengalenga, au homa inarudirudi bila sababu. Hospitali kubwa zenye vifaa humnywesha mtoto dawa ya bariamu huku wakimwangalia kwa eksirei akimeza. Uliza kama mnaweza kupewa rufaa.

Sasa daftari lako. "Kuimarisha misuli ya mdomo" si lengo. Mimi nina kipimo changu: shangazi yake Doto akija wikiendi, akakaa pembeni akaangalia mlo mmoja, je, anaweza kusema lengo limefikiwa au bado? Kwenye misuli hawezi, wewe mwenyewe umesema huwezi, na hata mimi siwezi. Isitoshe, shida ya watoto hawa kwa kawaida si unyonge wa misuli peke yake. Ni kuiongoza: taya linafunguka kupita kiasi, ulimi unasukuma nje, mdomo unabana wakati usiotakiwa. Kusugua na kupuliza filimbi bila chakula hakujaonyesha kwa uhakika kwamba kunamfanya mtoto ale vizuri zaidi. Kula kunafundishwa kwa kula, kwa chakula kilicho salama kwake, akiwa amekaa vizuri.

Na hilo la kukaa ndilo ningeanza nalo. Ukimlaza mkononi kichwa kinaangukia nyuma, koo linanyooka, uji unateleza kwenda chini kabla hajajiandaa kumeza. Mfanye akae wima. Makalio yarudi nyuma kabisa ya kiti, nyonga na magoti yakunjwe kama ya mtu aliyeketi, miguu ikanyage kitu kigumu, kichwa kiwe katikati, kidevu kielekee kifuani kidogo tu. Kama hamna kiti maalumu, fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha pembe, chenye migongo miwili inayokutana kama kona ya ukuta ili mabega yaje mbele, na meza ndogo kifuani. Nenda na vipimo kutoka kwa mtu wako wa tiba, usikadirie kwa macho. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yakilingana. Ukisimama atainua uso kukutazama, na koo litanyooka tena.

Kijiko kiwe cha plastiki ngumu, bapa, kidogo. Cha chuma kinaumiza meno, na vile vyepesi vya kutupa vinavunjika mdomoni. Kilete kutoka mbele kwa chini, kiweke katikati ya ulimi, bonyeza kidogo, ngoja. Ngoja mdomo wa juu ushuke wenyewe kuchukua chakula. Usikikwangue kwenye meno ya juu, kwa sababu hapo ndipo kichwa kinaporuka nyuma. Akikibana usivute. Ule ni mwitiko wa mwili, haubishani na wewe. Mwinamishe kichwa mbele kidogo, nyamaza, taya litalegea. Halafu hakikisha amemeza na mdomo uko mtupu kabla ya kijiko kinachofuata.

Kuhusu chakula, uji mwepesi ni mgumu kwake kuliko uji mzito laini, ingawa wengi hudhani kinyume chake. Chepesi kinakimbia. Jaribuni chakula laini, kisicho na bonge wala nyuzi, kinachokaa kwenye kijiko bila kutiririka na kinachoanguka chote kwa pamoja ukikiinamisha. Mtori wa huku kwetu uliochujwa nyama unafaa sana, na ninyi wa pwani mna bokoboko la ngano na nyama, lipondeni vizuri liwe laini kabisa. Ongeza kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa mpaka zikawa laini kabisa, au parachichi, ili bakuli dogo libebe nguvu nyingi. Wali na mchuzi mwepesi uache kwanza: mchuzi unatangulia kooni, punje zinabaki mdomoni, hawezi kusimamia vyote viwili. Na kuna kitu ukiangalia utakiona: uji wa unga ukiulisha polepole, chini ya bakuli unageuka maji. Mate yanayorudi na kijiko yanavunja wanga. Kwa hiyo pakua kidogo kwenye bakuli la kulishia, lingine libaki limefunikwa, uongeze unapohitaji.

Haya, malengo. Mtaalamu wako atajua EDACS, mfumo unaopanga ulaji wa watoto hawa kuanzia miaka mitatu kwa ngazi tano, ya kwanza anakula na kunywa salama kwa wepesi, ya tano hawezi kula wala kunywa kwa usalama na huenda akahitaji mpira wa kulishia tumboni. Mwombe akwambie Doto yuko ngazi gani, kwa sababu ngazi ndiyo inayoamua lengo gani ni la kweli. Kutafuna ndani ya miezi mitatu, kwa mtoto ambaye kichwa hakijakaa, kuliandikwa mapema mno. Huenda asitafune kwa muda mrefu, pengine asitafune kabisa, na bado akala vizuri, akanenepa, akafurahi.

Mimi ningeandika hivi: "Ndani ya wiki sita, Doto akiwa ameketi kwenye kiti chake, atakula bakuli dogo la chakula laini kizito kwa kijiko kwa muda usiozidi dakika 30, bila kukohoa na bila sauti kuwa ya majimaji, katika milo minne kati ya mitano." Shangazi anaweza kulipima hilo. Dakika 30 zina maana yake: mlo ukipita hapo mara kwa mara, mtoto anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata, na mama hana muda wa kitu kingine. La pili liwe la uzito, mizani ileile kila mwezi, kiwango apange mtu wa lishe. La tatu ni lako la mkekani. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001, katika mwongozo wake wa kuangalia ulemavu, linahesabu kushiriki katika maisha kama sehemu ya afya, sawa na mwili na uwezo wa kutenda. Huendi kuomba fadhila. Liandike: "Doto atakaa na familia kwenye mlo wa jioni mara nne kwa wiki, akila angalau vijiko vitano pamoja nao." Kama mlo wa kelele unamchanganya, ale kwanza mahali tulivu, kisha aje mkekani kwa vijiko hivyo vitano. Chumbani asibaki.

Mama mkwe usibishane naye juu ya watoto wake. Ni kweli walikua. Mweleze kwamba tunapomeza, pumzi husimama kidogo na njia ya hewa hujifunga. Koo la watoto wake lilijifunga kwa wakati, la Doto linachelewa. Ukimbana pua lazima avute hewa kwa mdomo, na mdomo umejaa uji. Halafu mpe kazi: akae pembeni wakati wa mlo, asikilize pumzi ya mjukuu wake baada ya kila kijiko, akisikia maji aseme "ngoja". Bibi akipewa masikio ya kumlinda mjukuu atalinda kuliko sisi sote.

Baba wa Nairobi

Nimesoma hapo juu neno mpira na nimeona niongeze. Mwanangu wa miaka sita analishwa kwa mpira wa tumboni. Tulipoambiwa, mke wangu alilia, na mimi niliona ni kama madaktari wamekata tamaa naye. Haikuwa hivyo. Kabla ya mpira tulikuwa tunamlisha kutwa na bado mbavu zinahesabika. Sasa anapata chakula chake chote, dawa za kifafa zinaingia bila kutemwa, na ana nguvu za kucheza.

Na malengo ya mdomo hayakufa. Lake la sasa ni kuonja: akiwa ameketi vizuri na yuko macho, anapakwa ncha ya kijiko ya embe lililochujwa kwenye mdomo wa chini, mara moja kwa siku, na mtu wake wa tiba ndiye aliyetupa ruhusa na kiasi. Siku akiwa na mafua au amechoka tunaacha. Mezani anakaa nasi, mpira unaendelea na kazi yake huku sisi tunakula ugali.

Kwa hiyo Mama Kulwa, ikiwa siku moja watataja mpira kwa ajili ya Doto, usiuone kama mlango unafungwa. Waulize lengo lake ni nini na mtalipima vipi, kama unavyouliza haya mengine.

Mama Kulwa, Tanga

Mungu awabariki wote. Tumekwenda kupimwa mkono: 12.1. Wametupa unga wa lishe na tarehe ya kurudi. Jana nimemlisha nimemkalisha kwenye kona ya kochi, mito pande zote, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakati tunamtafuta fundi. Bokoboko lililopondwa na kuchujwa. Alikohoa mara moja tu, mwanzoni. Mama mkwe alikuwa pembeni na kweli alisema "ngoja", na aliposema hivyo Doto alikuwa bado hajameza, mimi sikuona.

Nimebaki na maswali mawili. Maji atakunywaje, maana joto la Tanga mnalijua? Na Kulwa anapenda kumtia mwenzake biskuti mdomoni. Nikimkataza analia, anasema Doto ameomba.

Tibakazi, Moshi

Mama, 12.1 ni utapiamlo wa kadiri, fuata tarehe zao na usirushe hata moja. Kwa leo kochi na ndoo vinatosha, ila angalia asiteleze kuja mbele. Viungo na maganda ya ngano kwenye bokoboko ondoa vyote, kama ulivyochuja.

Maji yanaweza kuongezwa uzito kidogo, lakini kiasi gani uamue na mtaalamu akimwona anakunywa, kwa sababu kizito kupita kiasi kinabaki kooni, na watoto wengi hupunguza kunywa. Kipimo kipo na hakina gharama kubwa. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 10, lisiwe na sindano, mstari wake kutoka 0 hadi 10 uwe na urefu wa kama sentimita 6. Chomoa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza mpaka 10, achia kwa sekunde 10, kisha ziba. Kikibaki chini ya mililita 1, hayo ni kama maji ya kawaida. Zikibaki 1 hadi 4 ni uzito wa ngazi ya kwanza, 4 hadi 8 ya pili, zaidi ya 8 na bado yanatiririka ni ya tatu. Mkikubaliana ngazi, wewe na bibi mtaandaa kinywaji kilekile kila siku hata kama wewe haupo. Mpaka hapo, mpe maji kwa kijiko kidogokidogo akiwa wima, na uangalie mkojo: ukiwa wa njano iliyokoza au nepi inakaa kavu muda mrefu, mrudishe kituoni.

Kulwa mwamini kwamba Doto ameomba, yeye anamsoma kuliko sisi. Mpe kazi ya kumwonyesha mwenzake vikombe viwili achague. Biskuti, karanga nzima, pipi na mahindi visiwepo mkekani Doto akiwa hapo. Na watu wazima wote wa nyumbani wajifunze hili: kitu kikimkaba akashindwa kukohoa wala kutoa sauti, mwinamisheni mbele, mpigeni kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, kisha mminyeni tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara tano, mrudie hivyo mpaka kitoke, huku mwingine akitafuta gari. Muuguzi wa kituo awaonyeshe kwa vitendo.

Siku ya kliniki beba kijiko chake, chakula chake kwenye kontena, na video ya simu ya mlo wa nyumbani kutoka mwanzo mpaka mwisho, iliyopigwa kwa ubavu ili shingo ionekane.